Mwaka Tuliowasubiri Watoto wa Popo

Nilifika Lipangalala kwenye arobaini ya Bi Mwanaidi nikiwa na mfuko wa mchele mkononi na mtandio mpya kichwani, na jambo la kwanza nililofanya, kabla hata sijampa mtu pole, ni kuinua macho kuangalia dari. Wanawake walikuwa wamejaa ndani, wengine kwenye mikeka, wengine uani wakichambua mchele wa pilau, na mimi nimesimama katikati ya sebule nimekodoa macho juu kama fundi aliyeitwa kukadiria kazi. Zuhura, binti wa marehemu, aliniona kutoka mlangoni. Siku ya mazishi tulikuwa tumelia vya kutosha, kwa hiyo safari hii alicheka. Akasema, kumbe bado sijaacha. Nikamwambia siwezi kuacha, kwa sababu kuna madoa mawili kwenye ile dari ninayoyafahamu kuliko sura za shangazi zangu. Yalikuwepo bado, rangi ya chai ya mkandaa, moja juu ya mlango wa chumba na jingine karibu na taa. Nyumba imepakwa rangi mara nyingi tangu niondoke pale, na kila mara mkojo wa popo umerudi juu kuangalia wageni.

Niliishi kwa Bi Mwanaidi mwaka mmoja tu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo ambayo moyoni nilishayajua, nikaletwa pale kumsaidia dukani. Alikuwa mjane, mtu wa asili ya pwani, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo hata hivyo mteja aliyeko barabarani aliisikia. Duka lilikuwa chumba cha mbele: sabuni za mche, mafuta ya taa, chumvi, viberiti, khanga zimetundikwa kwenye kamba. Ubavuni mwa duka palikuwa na stoo, na nyuma sebule na vyumba viwili, halafu uani kwenye jiko na banda la kuni. Mimi nilikuwa Mkatoliki wa kutoka upande wa Mahenge, sijawahi kula wali wa nazi asubuhi. Alinipa wali wa nazi uliolala, akaupasha, akauweka mbele yangu pamoja na chai ya mchaichai, akanitazama nikila. Alipoona nimemaliza, akasema basi tutaelewana. Na kweli tulielewana, ingawa aliniita mvivu karibu kila siku, na siku ambazo hakuniita nilijua anaumwa.

Popo nilikutana nao jioni ya kwanza. Nilikuwa nafagia chumbani nikasikia juu ya dari kama watu wanaosogeza punje za mahindi kwa vidole, kisha milio myembamba, kisha kimya. Nikatoka nje mbio. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mbuzi anakuna nazi, hakuinua hata kichwa. Akanionyesha kwa kidevu kona ya paa, pale bati lilipoachana na ukuta, wakawa wanatoka mmoja mmoja, halafu wanne, halafu kama mtu aliyefungua gunia. Aliniambia wamekuwepo tangu mumewe yuko hai. Mumewe aliwachukia, lakini mbu aliwachukia zaidi. Kisha akanipa sheria za nyumba, na sheria ya kwanza ilikuwa hii: popo hashikwi kwa mkono. Akiingia chumbani, funga mlango wa ndani, fungua dirisha, zima taa, toka, atajiondokea. Akianguka chini akashindwa kuruka, mfunike kwa kopo la maziwa, pitisha kipande cha boksi chini yake, umtoe nje. Mavi yake hayafagiwi makavu. Nyunyiza maji ya sabuni kwanza, funga kitambaa puani, ndipo ufagie, la sivyo utakula vumbi lake. Nilikuwa na hofu ya popo tangu utotoni, hofu ya hadithi, ya mtu anayegeuka usiku akawa hiki au kile. Kupewa kopo na boksi kulinisaidia kuliko kuambiwa nisiogope.

Tatizo lilianza Zuhura alipobeba mimba. Alikuwa ameolewa Kilosa, na kwa desturi yao mtoto wa kwanza huzaliwa msichana akiwa kwa mama yake, na siku zake arobaini za uzazi hukaa hapo hapo, analishwa, anakandwa, anafundishwa kushika mtoto. Bi Mwanaidi alikuwa na binti huyo mmoja tu. Sijawahi kumwona mtu anayesubiri jambo kama alivyosubiri yeye. Alinunua ubani. Alishona foronya. Aliniambia habari za uji wa pilipili manga mpaka nikaanza kuuota. Lakini chumba cha Zuhura ndicho kilichokuwa chini ya popo wengi zaidi, na siku za joto harufu ilikuwa kali, ya kuwasha macho. Mama mkwe wa Zuhura, Bi Rukia, alikwishatuma ujumbe kwamba atakuja Ijumaa kukiona chumba, kwa heshima tu, na kwamba kama kuna shida yoyote kwake Kilosa pana nafasi. Bi Mwanaidi aliusikia ujumbe ule kama ulivyokusudiwa. Akaikaza khanga kiunoni, akasema popo wamekaa bure vya kutosha.

Fundi wa mapaa aliitwa Kasto, mtu wetu wa Mahenge, mkulima mwenye shamba la mpunga Michenga. Msimu ule mafundi walikuwa hawashikiki. Mvua za kupandia zikikaribia, mji mzima huhamia mabondeni; watu huenda kukaa kwenye vibanda vya shamba hadi mavuno, na kabla ya kuondoka kila mwenye nyumba huziba paa lake ili akirudi asikute bwawa sebuleni. Ndivyo tulivyozoea na ndivyo tunavyofanya hadi leo. Kasto alikuja siku mbili tatu kabla ya yeye mwenyewe kuondoka. Hakuwa mtu mkatili. Alisema haifai kuwaziba wakiwa ndani, watafia humo na harufu itakuwa balaa, kwa hiyo akangoja magharibi, sote tukasimama uani na Zuhura amekaa kwenye kiti na tumbo lake, tukawatazama wakitoka mpaka wa mwisho. Kisha akapanda ngazi, akaziba tundu kwa udongo uliokandwa na pumba za mpunga, akapigilia pia kipande cha bati juu yake. Ilikuwa kazi safi. Bi Mwanaidi alipika samaki wa nazi, tukala kwa furaha, na Zuhura akasema sasa anasikia hata saa ya ukutani.

Kilichotushinda kukijua ni kwamba wakati ule ule tunaofanyia maandalizi ya shamba ndio popo nao wanazaa. Mtoto wa popo haendi kuwinda. Anabaki ameng'ang'ania juu ya dari, uchi, akimsubiri mama yake. Alfajiri Zuhura alifungua macho akaona kitu juu ya chandarua, sawa na uso wake, kidogo kama kidole gumba, chekundu, kinasogea. Kilikuwa kimedondoka kupitia tundu la waya wa taa. Na popo mkubwa alikuwa ameingia kwa dirisha, amekilalia. Zuhura hakupiga kelele. Aliita tu, mama, njoo uone, kwa sauti ya mtu anayeonyesha mvua. Chandarua kilikuwa kimechomekewa vizuri chini ya godoro pande zote, na Bi Mwanaidi alikikagua chote kwa vidole, akamkagua na Zuhura mikono, shingo na uso, kabla ya kumruhusu atoke upande wa pili. Mimi nilitumwa kumwita Kasto.

Kasto alikuja anacheka, na kabla ya mtu kumpa kopo akanyoosha mkono akamwokota popo kama anaokota embe. Popo akamng'ata kwenye gumba. Hakuonyesha hata maumivu. Alimwachia juu ya chandarua, akapangusa kidole kwenye suruali, akasema ni mkwaruzo. Nilichokiona usoni kwa Bi Mwanaidi sikuwahi kukiona, wala siku wezi walipovunja duka. Hakuwa na elimu ya popo, lakini mtaani kwetu kila mtu alijua habari ya mbwa mwenye kichaa na mtu aliyechelewa kwenda hospitali. Alimkokota Kasto hadi uani, akamkatia kipande kizima cha sabuni ya mche, akaniamuru nimwage maji na yeye asugue, na kila aliposema imetosha aliambiwa bado. Ndoo iliisha nikachota nyingine. Kasto akalalamika kwamba kesho yuko Michenga, mbegu ameshaloweka.

“Mbegu zitakusubiri,” Bi Mwanaidi alisema. “Kichaa hakisubiri.”

Akampeleka hospitali mwenyewe, amemshika kiwiko njia nzima, duka nimeachiwa mimi. Daktari alimsifu kwa sabuni, akauliza pia habari ya Zuhura na chandarua, akaridhika, akamwanzishia Kasto sindano za kichaa cha mbwa, na nyingine za kurudia wiki hadi wiki. Kasto alirudi ameduwaa. Alitueleza dukani, mbele ya wateja, kwamba amechomwa sindano ya mbwa na mbwa mwenyewe hajamwona. Yule popo na mtoto wake tulikuwa tumewafunika kwa beseni pale pale juu ya chandarua kilichotandazwa sakafuni, hatujui la kufanya nao. Jioni ile juu ya dari palikuwa na kelele ambayo sikuweza kula nayo. Nilimwambia Zuhura ni njaa yao ile, naye akashika tumbo akaniambia ninyamaze.

Alfajiri iliyofuata nilimpelekea Bi Mwanaidi maji ya kutawadha. Nilimkuta amesimama uani ameangalia juu, birika liko chini. Mbingu ilikuwa imeanza kupauka. Popo wote walikuwa wamerudi, wanazunguka ile kona, wanagonga bati jipya, wanateleza, wanaruka tena. Wengine walikuwa wamejibandika ukutani chini ya udongo wa Kasto, wamesongamana, na kutoka ndani tuliwasikia watoto wakijibu. Nilitaka kurudi ndani. Alinishika mkono.

“Unawaona?” akaniuliza. “Wale ni wazazi, Editha.”

Alitawadha, akaingia kuswali, akakaa kwenye mswala muda mrefu kuliko kawaida. Mimi nilikaa jikoni nikimwaza Bi Rukia na Ijumaa yake, maana nilielewa kabisa kilichokuwa kwenye mizani. Popo wakirudi, chumba hakuna. Chumba kisipokuwepo, Zuhura anaondoka, na mjukuu wa kwanza atafungua macho Kilosa, mikononi mwa watu wengine. Nilimwona kama mtu anayepoteza alichokisubiri maisha yake yote, na bado nilijua atasema nini. Alipotoka alinituma kwa Kasto kabla hajapakia baiskeli. Kasto alisimama chini ya ngazi akisita. Alimkumbusha Bi Mwanaidi kwamba mkwe anakuja Ijumaa.

“Najua anakuja Ijumaa,” alisema. “Fungua.”

Safari hii Kasto alivaa glovu nene za kazi. Aling'oa bati, akabomoa udongo, akashuka upesi. Yule mama wa kwenye beseni tulimtoa kwa kopo na boksi, kama sheria ilivyosema tangu mwanzo, tukampandisha na mwanawe hadi ukingoni mwa tundu. Alitambaa taratibu, mtoto amening'inia kifuani, akaingia. Wenzake wakamfuata. Kelele ilipungua kidogo kidogo hadi tukasikia tena saa ya ukutani. Bi Mwanaidi akapangusa mikono, akasema kuhamisha popo kumeshindikana, basi sasa tuhamishe duka.

Stoo ndiyo chumba pekee ambacho hakikuwa na dari. Bati lake lilionekana tupu, jua likilipiga popo hawakaribii. Tulitoa kila kitu. Sukari, chumvi na unga tulivisongamanisha dukani mpaka mimi nikawa nauza nimekaa upande. Ndoo, mabeseni, mafuta ya taa na maboksi ya sabuni tuliyaweka chumbani kwa Zuhura, tukayafunika turubai, tukafunga mlango, na tundu la waya wa taa tukaliziba. Sakafu ya stoo tuliisugua, tukatundika khanga chini ya bati kupunguza joto, tukaingiza kitanda, chandarua kipya na chetezo. Hata hivyo kilinukia sabuni ya kufulia, na kwa kutanguliza mgongo tu ndivyo mtu alivyoweza kupita. Ijumaa Bi Rukia alikuja, mwanamke mnene, mpole, mwenye macho yasiyoacha kitu. Mimi nilimpa shikamoo nikajificha nyuma ya pazia la duka, mahali nilipojifunzia mengi mwaka ule.

Nilimsikia akiuliza kama mkwewe analala stoo. Bi Mwanaidi hakutafuta maneno. Alimweleza tangu mwanzo: harufu, udongo, kidole cha Kasto, wazazi waliokuwa wanagonga bati. Kisha nikasikia ufunguo. Walikuwa wamesimama wote wawili kwenye chumba chenye turubai, na juu yao watoto wa popo walikuwa wanalia kwa shibe. Mteja aliyetaka kiberiti nilimnyamazisha kwa kidole.

“Mwenzangu,” Bi Rukia akasema mwishoni, “mtu aliyewapisha watoto wa popo, mjukuu wangu nitamhofia nini kwake?”

Nilisikia pia Bi Mwanaidi akilia, kidogo tu, kisha akimkaribisha chai.

Mtoto alizaliwa hospitali mvua ya kwanza kubwa ilipoanguka, wa kike, wakamwita Shamimu, na siku iliyofuata aliletwa stoo. Siku zile arobaini ndizo ninazozihesabu kuwa za furaha kuliko nyingi za ujana wangu. Mji ulikuwa mtupu, watu wako mashambani, na sisi wanawake tumebaki na mtoto mmoja na mvua. Bi Mwanaidi alimpikia Zuhura uji wa pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji, na mimi nilikula mabaki yote nikanenepa kama mimi ndiye niliyezaa. Wateja walisema sabuni yetu ina harufu. Bi Mwanaidi aliwajibu kwamba mwenye pua na aende kununua Morogoro. Kasto alikuja kutoka Michenga kwa baiskeli kila tarehe ya sindano, ameloa matope hadi magotini, akinung'unika tangu barabarani. Aliapa kwamba safari ile ndiyo ya mwisho, na safari iliyofuata tulimwona tena.

Siku ya sindano yake ya mwisho alikuja na kambare, na mgono, mtego wa kusukwa aliomtegea, akauegemeza barazani. Zuhura alikuwa amekaa pale na mtoto mapajani. Aliuangalia mgono ule, mdomo mpana unaosinyaa kwenda ndani, akauliza inakuwaje samaki aingie asijue kutoka. Kasto akamweleza, amefurahi kuulizwa jambo lisilo la sindano. Zuhura akafikiri kidogo.

“Sasa si muugeuze?” akasema. “Watoke wasijue kuingia.”

Kasto alicheka, kisha akaacha kucheka. Lakini Bi Mwanaidi alisema hapana, bado. Kila magharibi alikaa uani anatazama, na aliendelea kutazama hadi alipoona wanaotoka wameongezeka na wengine wanaruka ovyo, wanakosa kona, wanarudi, wanajaribu tena. Kila alfajiri, kabla mama zao hawajarudi, aliniweka chumbani kusikiliza dari kama kuna aliyebaki analia. Alfajiri moja sikusikia kitu. Nyingine tena. Ndipo akatuma salamu Michenga. Kasto alishona mgono kwa chandarua cha zamani cha Zuhura, akauning'iniza kwenye tundu, mpana juu, mwembamba chini, wazi mwishoni. Popo waliteleza ndani yake wakatoka zao, na waliporudi hawakuipata njia. Walizunguka, lakini hakuna aliyelia, kwa sababu hakuna aliyeachwa. Baada ya siku kadhaa zisizo na hata mmoja aliyetoka, tundu likazibwa. Wengine walihamia banda la kuni uani, na Bi Mwanaidi alijifanya hajaona.

Wiki ile ile mume wa Zuhura alikuja kumchukua mkewe na mtoto. Tuliwasindikiza hadi stendi, tukarudi, tukaanza kurudisha magunia stoo. Kitanda tulipokitoa, Bi Mwanaidi alikaa juu yake hapo hapo uani. Nilimuuliza kama ameumia. Akaniambia ameumia, tena sana, na kwamba amefurahi, na nisimuulize inawezekanaje kwa sababu siku yangu itafika. Imekwishafika mara tatu. Kila mtoto wangu alipoondoka nyumbani, nilimkumbuka akiwa amekaa kwenye kile kitanda juani, khanga imemteleza begani, akitazama kona ya paa ambayo haikuwa na kitu.

Yote haya tuliyarudia na Zuhura siku ya arobaini, baada ya hitima, tumekaa uani na sahani za pilau. Zuhura amerudi kuishi pale tangu mama yake alipoanza kuugua. Kasto naye alikuwepo, mzee sasa, kofia mkononi, baiskeli imefungwa mizigo kwa sababu kesho yake alikuwa anakwenda shamba. Alinionyesha gumba lake, hakuna hata kovu. Shamimu alipita katikati yetu na simu yake, mwanamke mzima, mchapakazi kama bibi yake, akiwa na mipango ya nyumba. Alisema paa la banda la kuni limechoka, fundi anakuja Jumatatu kuling'oa na kuziba kila mahali kabla mvua hazijakolea na mafundi hawajatorokea mabondeni. Sisi watatu tuliacha kula. Tukalitazama banda, na kwa kuwa wengine nao walinyamaza, tukasikia milio myembamba kutoka chini ya bati.

“Mwambie asije Jumatatu,” Zuhura alisema.

“Kwa nini, mama?”

“Kuna wazazi mle.”

Shamimu alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akamtazama Kasto, ambaye alikuwa ameshika gumba lake bila kujua. Kisha akasikiliza mwenyewe. Akasogea kando kidogo, akaweka simu sikioni, nasi tukamsikia akisema kwa sauti ile ya chini ya bibi yake, inayofika hadi barabarani, “Fundi, samahani, Jumatatu haitawezekana. Tuna wazazi.”